Somo: Timu iliyokataa kuwaacha wenzake wawili



Katika somo hili tutaangalia jinsi kundi la vijana lilivyojibu lilipotakiwa kuwatenga wenzao. Habari hii ni ya Marekani, mwaka 1951. Inahusu mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi na kukimbia nao. Timu iliitwa Dons, ya Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo kidogo cha mapadri Wajesuiti.

Msimu huo Dons, chini ya kocha Joe Kuharich, walicheza michezo 9 wakashinda yote. Ollie Matson alikimbia na mpira yadi 1,566, akawapita wachezaji wa vyuo vyote vikubwa nchini. Yeye na mwenzake Burl Toler walikuwa weusi. Wengine wote walikuwa weupe.

Kwa desturi ya kule, timu iliyofanya vizuri hualikwa kwenye mchezo wa heshima baada ya msimu. Mwaliko una fedha ndani yake, na chuo kile kilikuwa kikipata hasara kwa ajili ya mpira. Lakini michezo mingi ya namna hiyo ilifanyika majimbo ya Kusini, ambako weusi walitengwa kwa sheria. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba waliambiwa: mtaalikwa, ila Matson na Toler wabaki nyumbani.

Tuliangalie sharti hilo kwa makini. Halikuja kwa matusi wala kwa fimbo. Lilikuja kama mapatano ya faida: wengi wafurahi, wawili tu wasubiri. Na walioulizwa ni wale ambao wasingepoteza chochote kwa kukubali. Mmoja wao, Gino Marchetti, alikuwa amepigana Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa masimulizi yao, hawakujadiliana sana. Walikataa.

Mwaliko haukuja. Wapo waliosema sababu ni kwamba Dons walicheza na timu dhaifu. Huenda hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini haifuti lile sharti. Baada ya msimu huo chuo kikaivunja timu. Tunalitaja hili wazi, maana mara nyingi tunawafundisha vijana kana kwamba mwenye kutenda haki hulipwa kesho yake.

Matson alipata medali mbili za mbio kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Toler aliumia goti mwaka huohuo, hakuweza tena kucheza. Akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule mjini San Francisco, na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi ya NFL. Msimamizi mkuu wa ligi wakati huo, Pete Rozelle, ndiye aliyekuwa afisa wa habari wa Dons mwaka 1951. Chuo kiliwapa wanatimu shahada za heshima mwaka 2006, miaka 55 baadaye.

Kwa mazungumzo ya kikundi: katika timu, kwaya au ushirika wenu, ni nani aliyewahi kuambiwa "wewe subiri kwanza" ili wengine wapate nafasi? Nani aliulizwa, na nani hakuulizwa? Wapeni nafasi ya kusema kwanza wale walioachwa.