Utata katika Maelekezo kwa Umma

Mtahiniwa, utata ni hali ya neno au tungo kuwa na maana zaidi ya moja. Wengi hukariri fasili hii wakaishia hapo. Leo tuutazame utata mahali unapoumiza.

Chukulia kwamba kaka yako, fundi mitambo katika shamba la mkonge huko Korogwe, amepunguzwa kazini na kurudi Sindeni. Kufuatia sheria ya mwaka 2018, mwanachama wa NSSF au PSSSF aliyepoteza kazi anaweza kudai fao la kukosa ajira, yaani asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi 6. Miongoni mwa masharti yake ni haya: awe amechangia kwa miezi isiyopungua 18, na asiwe ameacha kazi kwa hiari yake. Kaka anakupa simu: "Hebu nisomee hii tovuti, wanataka nini?" Maelekezo yakiwa tata, atafika mjini na karatasi isiyotakiwa, na nauli imekwenda.

Chunguza tungo hizi, zilizotungwa kwa ajili ya somo hili:

1. Mwajiri amwandikie mwanachama barua.
(a) Barua iende kwa mwanachama.
(b) Mwajiri aandike badala ya mwanachama.
Chanzo: kauli ya kutendea.

2. Lete barua ya mwajiri.
(a) Barua iliyoandikwa na mwajiri.
(b) Barua aliyoandikiwa mwajiri.
Chanzo: matumizi ya -a unganifu.

3. Mwanachama amwone mwajiri akiwa na kitambulisho chake.
(a) Kitambulisho cha mwanachama.
(b) Kitambulisho cha mwajiri.
Chanzo: kiwakilishi kisichoonesha kinamrejelea nani.

Namna ya kuondoa utata

Taja mtenda, kitendo na mpokeaji. Andika jambo moja katika kila sentensi. Panga hatua kwa mfuatano wa utendaji, ukianza na masharti, ili asiyestahili ajue kabla ya kupanda gari. Tungo ya 1 na ya 2 zikiunganishwa zitakuwa hivi:

Mwajiri aandike barua ya kuthibitisha kuwa amemwachisha mwanachama kazi. Mwanachama aichukue barua hiyo na kuiwasilisha ofisini.

Maneno yameongezeka, lakini maana imebaki moja. Kumbuka: ufupi ni sifa njema pale tu maana inapobaki wazi.

Angalizo: Katika mtihani usiandike "tungo hii ina utata" ukaacha. Toa maana mbili zinazotofautiana kweli, kisha taja chanzo.

Zoezi

1. Eleza maana mbili za kila tungo na utaje chanzo cha utata:
(a) Karani alimjazia baba fomu.
(b) Asha alimwambia Rehema kuwa maombi yake yamekataliwa.
(c) Ambatisha picha ya mwanachama.

2. Andika upya tungo (a) hadi (c) ili kila moja ibaki na maana moja.

3. Katika hatua tano, mwelekeze mzee wa kijijini kwenu namna ya kuomba huduma yoyote ya serikali unayoifahamu. Msomee mtu wa nyumbani. Akiuliza swali, rekebisha hatua hiyo.