CHAKULA CHA TAIFA LA WAINGEREZA NI KIPI?

Ukikaa mezani pamoja na Waingereza watatu na kuwauliza ni chakula kipi kinachostahili kuitwa chakula cha taifa lao, yamkini utapata majibu matatu. Mmoja atataja nyama ya ng'ombe ya kuoka, wa pili samaki na chipsi, na wa tatu mchuzi wa kuku wenye asili ya Bara Hindi. Shauri hili laweza kuonekana kuwa la mchezo tu. Walakini mwaka wa 2001 lilitajwa hadharani na Waziri wa Serikali, kwa kuwa ndani yake mna swali zito: kitu kilicholetwa na mgeni huwa cha mwenyeji lini? Basi na tuwasikilize wadai hawa watatu, kama wazee wa baraza wasikilizavyo kesi, kisha tupime.

Mdai wa Kwanza: Nyama ya Kuoka

Huyu ndiye mkubwa kwa umri na kwa heshima. Mwaka wa 1731 Henry Fielding, mtunzi wa michezo ya kuigiza, alitunga wimbo wa kuisifu nyama ya ng'ombe ya Waingereza, na wimbo huo ukaenea sana. Wafaransa, majirani zao na mahasimu wao wa zamani, waliwapa Waingereza jina la utani la "rosbif", yaani nyama ya kuoka. Desturi ni kuila siku ya Jumapili, jamaa wote wakiwa pamoja, kwa viazi, mboga, mchuzi mzito, na andazi jepesi la unga, mayai na maziwa liitwalo Yorkshire pudding.

Lakini andazi hilo lina siri yake. Katika nyumba zenye nyama kidogo lililiwa kwanza, ili matumbo yapate kushiba na nyama iwatoshe wote. Tena maskini wengi wa mijini hawakuwa na tanuri. Walipeleka nyama yao kwa mwoka mikate ili awapikie. Je, chakula ambacho tajiri alikizoea na maskini alikitamani juma zima chaweza kuitwa cha taifa zima?

Mdai wa Pili: Samaki na Chipsi

Huyu ni mtoto wa watu wa kazi. Samaki wa kuchovywa katika unga na kukaangwa kwa mafuta aliletwa Uingereza na Wayahudi, ambao wazee wao walifukuzwa Hispania na Ureno kwa ajili ya dini yao. Viazi navyo asili yake ni Amerika ya Kusini. Nani aliyeviunganisha viwili hivi kwanza? Watu wa London humtaja Joseph Malin, Myahudi aliyefungua duka lake upande wa mashariki wa mji huo yapata mwaka wa 1860. Watu wa kaskazini humtaja John Lees wa Mossley, karibu na Manchester, yapata mwaka wa 1863. Ubishi huo haujakwisha.

Reli na meli za mvuke zilipoanza kuleta samaki wengi wa Bahari ya Kaskazini mpaka miji ya viwanda, mama aliyeshinda kiwandani aliweza kununua chakula cha moto jioni kwa peni chache, kimetiwa chumvi na siki, kimefungwa katika gazeti kuukuu. Magazeti, kama mwonavyo, yana faida nyingi.

Heshima kubwa ya mdai huyu ilitokea wakati wa Vita Kuu ya Pili, ya 1939 hadi 1945. Serikali iligawa kwa vipimo nyama, siagi, sukari na hata chai, lakini samaki na chipsi hawakuwekewa kipimo. Nyama iliwekewa kipimo mwaka wa 1940, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka Julai 1954, miaka 9 baada ya vita kwisha. Mdai wa kwanza alipoadimika, wa pili alikuwa dukani akingojea watu.

Mdai wa Tatu: Kuku wa Tikka Masala

Hivi ni vipande vya kuku vilivyolazwa katika mtindi na viungo, vikaokwa, kisha vikatiwa katika mchuzi wa nyanya na malai. Ali Ahmed Aslam, mwenye hoteli ya chakula katika mji wa Glasgow, alisimulia kwamba katika miaka ya 1970 mteja mmoja alilalamika kuwa kuku wake ni mkavu, naye akamtengenezea mchuzi. Bwana Aslam alifariki mwaka wa 2022, na wako wapishi wengine wasiokubali kwamba alikuwa wa kwanza.

Msidhani kwamba bizari ni jambo jipya katika nchi ile. Kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse, kilichopigwa chapa mwaka wa 1747, kinafundisha kupika mchuzi wa Kihindi na pilau pia. Mwaka wa 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Bara Hindi, alifungua nyumba ya chakula cha kwao mjini London, ingawa biashara hiyo haikudumu.

Ndipo mwaka wa 2001 Robin Cook, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, aliposema katika hotuba kwamba kuku huyu ni chakula cha kweli cha taifa la Uingereza. Hoja yake ilikuwa hii: kuku ni wa Kihindi, lakini mchuzi uliongezwa kwa sababu Mwingereza hupenda nyama yake iwe na mchuzi, basi mgeni na mwenyeji wamekutana katika sahani moja. Wengine walimsifu, wengine walimcheka.

Tupime Sasa

Kabla ya kuamua, tukumbuke kwamba Waskoti watatuletea haggis yao, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo pamoja na nafaka, vilivyopikwa katika tumbo la kondoo. Msomaji aijuaye mutura hatashangaa. Watu wa Wales watatuletea mchuzi wao uitwao cawl. Wote wana haki ya kusikilizwa.

Kama kipimo ni umri, nyama ya kuoka imeshinda. Kama kipimo ni chakula kilichomfikia tajiri na maskini, na kisichowaacha watu siku ya dhiki, mimi nawapa ushindi samaki na chipsi. Lakini anayekubali hukumu hii hana budi kukubali na neno la pili. Samaki yule alifika pamoja na watu waliofukuzwa kwao. Kama karne mbili au tatu zilitosha kumfanya Mwingereza, hatuwezi kumwambia kuku wa Glasgow kwamba mlango umefungwa. Tunaweza kumwambia angoje zamu yake tu.

Na mlango huo bado u wazi. Wahindi waliotoka Kenya na Uganda, hasa katika miaka ya 1968 na 1972, walikwenda na mapishi yao, na leo katika hoteli zao za London na Leicester huuzwa muhogo wa kukaanga, nao huuita "mogo". Nasi tusijione mbali na jambo hili: mahindi ya ugali wetu asili yake ni Amerika, wala hakuna awezaye kutuambia kwamba ugali si wetu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maswali ya Kujifunzia

1. Kwa nini andazi lililiwa kabla ya nyama?
2. Ni jambo gani la mwaka wa 1940 lililoongeza heshima ya samaki na chipsi?
3. Katika chakula cha nyumbani kwako, ni kipi kilichotoka nchi ya mbali? Waulize wazee walikipata lini na kwa nani.