SOMO: DAFTARI LA DENI NA BATI LA NYUMBA

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tuchumao chai na kukata miwa hapa Uganda tuna nia moja: mabati ya kuezekea nyumba kwetu. Mwaka unapita, bati hatujanunua. Fedha zinakwenda wapi?

Tuanze na sabuni. Tuseme mche mmoja ni shilingi 5,000. Mwenye duka anaukata vipande 10, kila kipande anatuuzia shilingi 700. Tukivimaliza tumelipa 7,000 kwa mche uleule. Nyumba inayotumia miche miwili kwa mwezi imepoteza 4,000, yaani 48,000 kwa mwaka. Na hiyo ni sabuni tu, hatujagusa sukari wala mafuta ya taa.

Twajua kwa nini tunanunua vipande. Siku ya mshahara tunalipa deni la mwezi uliopita, jioni tunaandikisha lingine. Basi tusijaribu kulifunga daftari lote kwa siku moja. Mwezi huu wawili wachange, wanunue mche taslimu, wagawane. Kila mmoja amebakiwa na shilingi 1,000. Aiweke siku ileile katika chama cha kuweka na kukopa. Fedha ya chini ya godoro huishia kwenye pombe, nasi tumeyaona. Mwezi ujao waongeze sukari.

Hesabu hii ifanywe na mume na mke pamoja, maana aendaye dukani ndiye ajuaye bei. Chakula cha watoto kisiguswe. Wala mwajiri asiseme kwamba tukibana matumizi mshahara unatosha: madai ya nyongeza yako palepale.