SOMO LA MWEZI HUU: Kazi ya Kusimamia Wanyama wa Utafiti. Je, Kikundi Kimsomeshe Kijana?

Sisi wa vikundi vya Eastlands tunawaletea somo ambalo tulilipia ndipo tukalijua.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha Kayole alipokea kijana kutoka nyumbani. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha nne na anapenda mifugo sana. Bwana fulani akamwambia kuna nafasi ya kusimamia wanyama kwenye maabara, mradi alete pesa za fomu na za kupimwa na daktari. Mama akakopa kwa chama. Bwana yule alipopokea pesa, simu ikazimwa. Deni tukalilipa sote, miezi saba.

Baada ya hasira kupoa tukakaa chini na kujiuliza maswali matatu: Kazi hii ipo kweli? Mtu huifikia kwa njia gani? Na je, inafaa kikundi kutoa akiba yake kwa ajili yake? Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. KAZI IPO KWELI

Nairobi ina vituo vya utafiti kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kabete kuna ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoundwa mwaka 1994. Muguga kuna kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo. Kule Karen, katika msitu wa Oloolua, kuna KIPRE, ambako hutunzwa nyani na tumbili. Kasarani kuna icipe, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Hapo wanaofugwa ni wadudu, na wao pia wana watunzaji wao. Na karibu nasi kabisa, Embakasi, kuna maabara ya ugonjwa wa midomo na miguu ya ng'ombe, ambako KEVEVAPI hutengeneza chanjo.

Tusiidharau kazi hii. Wazee wenu wanaijua sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa nchi nzima. Chanjo iliyoishinda ilitengenezwa Muguga na Walter Plowright na wenzake miaka ya 1950 na 1960, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Chanjo kama hiyo haipimwi kwa maneno. Hupimwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao lazima wawe na mtu wa kuwalisha, kuwapima joto kila siku na kuandika.

2. MSIMAMIZI HUFANYA NINI?

Mtunza wanyama husafisha vizimba, huleta chakula na maji, na huangalia nani hakula leo. Msimamizi ni yule anayehakikisha hayo yote yamefanyika. Hupanga zamu, pamoja na Jumapili na sikukuu, maana mnyama hajui Krismasi. Huagiza chakula kabla hakijaisha. Hufunza wapya. Hutenga mgonjwa na kumwita daktari wa mifugo. Huona kwamba wafanyakazi wamechanjwa, wamevaa viatu na glavu, na kwamba ugonjwa hautoki ndani kuja mtaani.

Pia yeye ni mlinzi wa sheria. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo hairuhusu mtu kufanya majaribio kwa mnyama bila leseni. Kila utafiti hupitia kwanza kwa kamati ya kituo, iulize: Je, lazima mnyama atumike? Wanaweza kuwa wachache zaidi? Maumivu yatapunguzwaje? Msimamizi akiona mnyama anateseka kupita kibali, ni wajibu wake kusema, hata kama mbele yake amesimama profesa.

Na tuseme ukweli wote. Mara nyingi utafiti ukiisha wanyama huuawa, kwa njia ya upole iwezekanavyo. Kijana aliyemlisha sungura miezi sita atamwona akifa. Wako watu wema wasioiweza kazi hii, na si aibu. Mwulizeni kijana mapema, kabla ya kulipa karo.

3. NGAZI YA KUPANDA

Hakuna anayeingia akiwa msimamizi. Hapo ndipo yule bwana alipotudanganya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ngazi yenyewe ni hii:

• Kibarua au mtunza wanyama: huanza na ufagio na ndoo.
• Teknisheni: ana cheti au diploma ya afya ya mifugo, kwa mfano kutoka AHITI Kabete. Anajua kudunga sindano, kutoa damu na kuandika rekodi.
• Teknisheni mkuu, kisha msimamizi: ana miaka mingi ya kazi, na mara nyingi diploma au digrii.

Kumbukeni kwamba tangu sheria ya mwaka 2011, mwenye cheti au diploma ya afya ya mifugo anayetaka kutibu mifugo lazima aandikishwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kabla ya kulipa karo yoyote, ulizeni bodi hiyo kama chuo kinatambuliwa.

4. MBELE KUKOJE?

Nafasi za usimamizi ni chache. Kituo kizima chaweza kuwa na msimamizi mmoja au wawili, na akishakaa hatoki upesi. Nafasi nyingine ni za mkataba, zinaenda na mradi. Mradi ukiisha, kazi imeisha. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada mingi ya nje, miradi mingi ya afya na utafiti hapa Kenya ilitikisika, na watu wakarudi nyumbani.

Tena, ulimwengu unajaribu kupunguza wanyama katika maabara. Mwishoni mwa mwaka 2022 Marekani ilibadili sheria yake, dawa mpya isilazimike tena kujaribiwa kwa wanyama kabla ya kujaribiwa kwa watu. Panya wanaweza kupungua. Lakini kwetu utafiti mwingi ni wa mifugo yenyewe, na chanjo ya ng'ombe mwishowe lazima ijaribiwe kwa ng'ombe. Kwa hiyo kazi haitaisha kesho. Ila pia haitaajiri kila kijana wa Dandora.

5. USHAURI WETU

Msimsomeshee kijana cheo. Msomesheni ufundi wenye milango mingi. Cheti cha afya ya mifugo kinaweza kumpeleka maabara. Akikosa huko, kuna agroveti, kuna kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mrija, kuna ofisi za mifugo za kaunti, na kuna kuku wa kijiji kizima wanaosubiri chanjo. Mlango mmoja ukifungwa, pesa za kikundi hazikupotea.

Pili, aanzie nyumbani. Apewe sungura au kuku wachache na daftari. Kila siku aandike: wamekula kiasi gani, nani mgonjwa, nani amezaa, nani amekufa na kwa nini. Akidumu mwaka mzima bila kuruka siku, mmepata mtu. Daftari hilo alibebe akienda kuomba kazi.

Tatu, msilipe mtu kwa ajili ya kazi. ILRI huandika waziwazi katika matangazo yake kwamba haitozi ada yoyote kwa anayeomba kazi. Anayetaka pesa za fomu ni mwizi, hata akivaa tai.

Kijana wa yule mama sasa anafuga sungura nyuma ya ploti, na daftari lake tumelisoma kwenye mkutano. Mwaka ukitimia tutaamua habari ya karo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kati ya vijana wetu, nani huamka mwenyewe kulisha mifugo bila kuambiwa?
2. Tukimsomesha, atarudisha vipi kwa kikundi, na ni nani atakayeandika makubaliano hayo?
3. Je, sisi wenyewe tunawatunza wanyama wetu kwa namna ambayo tungependa ikaguliwe?
4. Ni nani amewahi kuombwa pesa ili apewe kazi? Asimulie, wengine wajikinge.