SOMO: MGENI NA UJIRA



Katika somo hili tutaeleza imani moja tuliyokuwa nayo kwa miaka mingi, sisi tunaosema Kiswahili, tuliotoka Kongo na Burundi tukafikia Dzaleka. Imani yenyewe ni hii: mgeni hadai. Akipewa kazi ashukuru, akipewa ujira mdogo anyamaze, na mambo ya chama awaachie wenye nchi. Hakuna aliyetufundisha. Tuliiokota njiani, na kwa muda mrefu tuliiona kuwa ni busara.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na sasa wamezidi 50,000. Posho haitoshi. Kwa hiyo wengi wetu tuliingia mjini kutafuta kibarua, tukapanga vyumba Nsungwi, katika Area 25, kwa kuwa kutoka pale mtu hufika kwa miguu kwenye maghala ya tumbaku ya Kanengo.

Msimu wa mwaka 2017 tulikuwa sita tukipakua marobota katika ghala moja. Aliyetuajiri hakuwa mwenye ghala bali mtu wa kati, kapitao kama wanavyosema hapa. Robota ni lile lile, lori ni lile lile, na vumbi la kukohoza ni lile lile; lakini jioni wenzetu Wamalawi walipata zaidi kuliko sisi. Tulijua. Tulijiambia, bora hiki kuliko kurudi mikono mitupu.

Katikati ya msimu kapitao akawapunguzia Wamalawi ujira ukawa sawa na wetu. Walipolalamika aliwajibu: hawa wanaifanya kazi kwa bei hii, asiyetaka aende. Tangu siku ile walituita obwera, yaani wa kuja, na si kwa utani.

Hapa tusimame tuchambue, maana ndipo imani yetu ilipoanza kupasuka. Tuliamini kwamba ukimya unatulinda. Kumbe ukimya wetu ndio kapitao aliotumia kuwashusha wenzetu, nao badala ya kumkasirikia yeye wakatukasirikia sisi. Nasi je, tulipona? Baada ya wiki mbili tulipunguziwa pia. Nani angetutetea? Wale wenye uwezo wa kututetea tulikuwa tumewaumiza.

Pale mizanini alikuwapo mzee mmoja Mmalawi aliyewahi kuchimba dhahabu Johannesburg kwa mkataba wa Wenela. Siku moja wakati wa chakula alituita tukae naye. “Wanangu,” alisema, “mnadhani mmeanza ninyi? Mimi nilikuwa mgeni kule miaka mingi.” Akatusimulia jinsi ndege ya Wenela ilivyoanguka Francistown, Botswana, Aprili 1974, wakafa wachimbaji wa Malawi zaidi ya 70, na jinsi Rais Banda alivyosimamisha uandikishaji baada ya hapo. Kisha akatuuliza kama tumesikia habari za Clements Kadalie. Hatukuwa tumesikia.

Kadalie alizaliwa karibu na Bandawe, kando ya Ziwa Nyasa, akasoma kwa wamisheni wa Livingstonia, akawa mwalimu. Mwaka 1915 aliondoka kutafuta kazi, akafika Cape Town mwaka 1918. Hakuwa mwenyeji wa Afrika Kusini. Hata hivyo Januari 1919 alianzisha chama cha wafanyakazi kilichoitwa ICU, na Desemba mwaka ule ule wapakiaji wa bandarini wakagoma. Serikali ilitaka kumfukuza nchini kwa sababu ya ugeni wake, ikashindwa. Kufikia mwaka 1927 chama kilijihesabia wanachama kama 100,000, wengi wao vibarua wa mashambani. Hatusemi kwamba alikuwa mtakatifu: chama kilivurugwa na ugomvi na fedha zisizotunzwa vizuri, naye akaacha uongozi mwaka 1929. Lakini lile swali la mgeni na kudai alilijibu kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Sheria nayo tulikuwa tumeisoma nusu. Ni kweli kwamba Malawi, ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ilitangaza kuwa haifungwi kikamilifu na vifungu kadhaa, kikiwamo cha 17 juu ya kazi ya mshahara na cha 26 juu ya uhuru wa kutembea. Ndiyo maana mkimbizi asiye na kibali yuko hatarini, na asiambiwe vinginevyo. Lakini Katiba ya nchi, kifungu cha 31, inaposema juu ya malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, na juu ya kujiunga na vyama, inataja kila mtu. Haikusema kila mwananchi.

Basi tulikwenda kwa kapitao pamoja, Wamalawi na sisi, tukadai bei moja. Ujira ulirudishwa kwa wote. Wawili kati yetu, waliozungumza zaidi, hawakuitwa tena msimu ule, na kwa haki mmoja wao anauliza hadi leo kama ilifaa. Waliobaki tulinunua daftari moja la siku za kazi, majina yote humo.

Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote warudi Dzaleka, na Mei msako ukaanza Lilongwe. Tuliondoka Nsungwi na tulichoweza kubeba. Daftari lilibaki chumbani.

Mwezi uliofuata yule mzee alilituma kwa basi dogo la Dowa. Siku 11 za msimu ule zilikuwa bado hazijalipwa. Alikuwa ameziandika jina kwa jina, za kwao na zetu, katika ukurasa mmoja, na chini yake ameandika tarehe waliyokwenda kuzidai.