Somo: Mfano Katika Insha



Wazazi kadhaa wametuuliza jinsi ya kuwasaidia watoto walio katika kidato cha nne kuandika insha ya mtihani. Sisi tuliosahihisha madaftari miaka mingi twajua kwamba wengi hawaangushwi na lugha, bali na ukosefu wa mifano. Kijana huandika, "Juhudi ni jambo muhimu sana," kisha hurudia neno lilo hilo mara nne. Msahihishaji hungoja ushahidi, wala hauoni.

Tuchukue swali hili: "Heshima ya mtu haitokani na ushindi peke yake. Jadili."

Mfano unaofaa uko hapa hapa nchini. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alikimbia mbio za marathoni. Njiani alianguka, akaumia goti. Alifungwa bandeji, akaendelea. Alifika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, naye akawa wa mwisho kati ya waliomaliza. Hata hivyo jina lake lingali likitajwa kwa heshima.

Tuangalie yaliyomo katika mfano huo:

1. Nani, wapi, lini. Pasipo haya ni uvumi tu.

2. Alifanya nini. Tumeeleza goti na kuchelewa kwake, kwa sababu ndiyo yanayohusu swali. Habari za utoto wake hazihitajiwi hapa.

3. Sentensi ya kuunganisha: "Kwa hiyo twaona kwamba mtu aweza kushindwa na bado akaheshimiwa." Wengi husahau sentensi hii, na mfano wao hubaki hadithi tu.

Neno "jadili" lataka pia upande wa pili. Mwaka 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Basi ushindi nao huleta heshima. Kijana akiisha kupima pande zote mbili, na atoe uamuzi wake.

Mtoto asiseme hana mifano. Iko katika vitabu vya historia, na iko kijijini: kisima kilichochimbwa kwa kujitolea, au chama cha ushirika kilichokufa kwa wizi. Ila asibuni takwimu wala majina. Anayezoea kubuni ushahidi darasani atabuni pia barazani, na siku moja mbele ya hakimu.

Mazoezi ya nyumbani. Baada ya chakula cha jioni mwulizeni mtoto:

(a) Taja tukio moja unalolijua vizuri, pamoja na mahali na mwaka wake.

(b) Lathibitisha nini?

(c) Je, laweza kujibu swali jingine? Lipi?

Akiwa na matukio sita ya namna hiyo, ataingia katika chumba cha mtihani akiwa na akiba ya kutosha.