Usimfanye Mungu Mdhamini wa Upatu



Kuna mwalimu ameniandikia. Kwenye kikundi chake cha maombi umeletwa "mpango wa baraka": anaweka milioni mbili, baada ya miezi mitatu anavuna nne. Moyo unasita, ila anaogopa kwamba akihoji ataonekana hana imani.

Hoji, mdogo wangu. Hoji mpaka wachoke.

Wengi wenu mlikuwa wadogo, DECI hamuikumbuki. Ulikuwa upatu wenye wachungaji ndani yake. Kuweka fedha kuliitwa kupanda mbegu, kulipwa kukaitwa kuvuna. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, ikaonekana hapakuwa na mradi wowote wa kuzaa hiyo faida; fedha ya aliyeingia leo ndiyo iliyomlipa wa jana. Waliochelewa kuingia wakalia. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba lugha ya madhabahuni ndiyo iliyowafunga watu midomo.

Kwa hiyo anayekuletea mpango, hata kama ndiye anayewaongoza kusifu kila Jumapili, muulize fedha yako inakwenda kufanya nini na faida inatoka wapi. Kisha aonyeshe leseni. Anayekusanya fedha za watu ili aziwekeze lazima ajulikane kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au Benki Kuu. Ukiuliza leseni ukajibiwa kwa andiko, funga mkoba wako uondoke.

Wengine mmeangukia upande wa pili. Mnaona riba yote ni dhambi, basi akiba inalala kabatini. Someni tena Mathayo 25: yule mtumwa aliyeifukia talanta anaulizwa kwa nini hata hakuipeleka kwa watoa riba. Riba inayokatazwa kwenye Kutoka 22 ni ya kumtoza maskini aliyekopa kwa shida. Dada unayewapa wajane wa mtaani kwenu mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, halafu unapeleka fungu la kumi, andiko hilo linakuhusu wewe.

Pa kuanzia papo. Mfuko wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaosimamiwa na UTT AMIS, upo tangu 2005, na vipande unanunua kidogo kidogo kadiri unavyopata. Ukifikisha milioni moja, iulize benki yako kuhusu hatifungani za Serikali. Zinalipa riba kila baada ya miezi sita. Hazitakutajirisha kwa robo mwaka, na mimi ndiyo maana nazipenda.

Kwenye hisa, dhamiri yako iwe macho. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina kampuni ya bia na ya sigara. Kama bia huwezi kuiuza dukani kwako, hisa yake nayo iache bila kuona haya. Na ukiingia mfuko wa pamoja, omba ripoti ya mwaka usome umeshika hisa za nani, maana unaweza kumiliki usichokijua.

Mmeuliza pia kuhusu fungu la kumi. Mimi hutoa kwenye faida siku inapoingia, mtaji nauacha uendelee kufanya kazi. Mwenzi wako azijue akaunti zote, na sehemu ya mrithi kwenye fomu za uwekezaji msiiache wazi. Ada ya Januari msiipeleke kwenye hisa hata kidogo. Bei ikishuka Desemba, shule haitakusubiri.